Delphin Anangoja Kamio

Leo asubui nilikuwa nimechutama nyuma ya kioski ya Mzee Gasana, naangalia kaka yangu Delphin kama ataweza kuvuka barabara ya Muganza, kule kamio, malori makubwa ya simenti, zinapitaka mbio. Mara yake ya kwanza peke yake.

Delphin ni mukubwa kunipita, lakini akili yake inaendaka polepole. Ukimuelezea kitu, maneno inamupita tu. Ngambo ya barabara njo kuko centre yenye banamufundisha kusuka bitunga, na kila siku mimi njo namushika mukono. Sasa trimestre inayokuja naenda internat, shule ya kulala kulekule, na Maman alishasema: "Kama hawezi kuvuka peke yake, atabakia mu nyumba, mulango nafunga. Siwezi kuchuuza Bukavu nikiwaza kamio."

Madame Uwase wa ku centre akaniambia: "Usimuelezee tena. Fanya video, aone muntu anafanya." Mimi naonaka haya kuonyesha sura, basi nilishika telefone ku kifua: inaonekana miguu yangu na barabara. Nasimama ku jiwe nyeupe. Naangalia huku, naangalia kule. Kamio inapita. Navuka. Delphin aliirudilia mpaka telefone ikazimika.

Basi leo akasimama ku jiwe. Akaangalia huku, akaangalia kule. Barabara wazi kabisa. Hakuvuka.

Motard mumoja akapunguza mwendo wa pikipiki. "Wee Delphin, unangoja bus ya Kigali?"

"Bado," Delphin akajibu.

Mzee Gasana akachungulia ku dirisha ya kioski. "Na wewe, binti, unavizia kuku yangu?"

Nilikuwa nawaza: kwisha, video haikumusaidia, Maman atafunga mulango.

Halafu kamio ikanguruma. Nikasimama, nikataka kupiga kelele. Delphin akarudisha muguu nyuma. Kamio ikapita, vumbi ikamumeza. Ilipotulia, eko ngambo, mikono juu, anacheka.

Hapo njo nikaelewa. Mu video yangu kamio ilipita kwanza. Kwake yeye, kama kamio haijapita, hakuna kuvuka!

Nikakaa chini, nikacheka na machozi. Mzee Gasana akaniletea maji. "Afadhali mwenye anangoja kamio," akasema, "kuliko benye banashindana nayo."

Mangaribi tulifanya video ingine, barabara ikiwa wazi. Delphin akaiangalia, akairudilia, akaniuliza:

"Na kamio?"

"Sasa haiko. Barabara iko wazi, unavuka."

Akawaza sana. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akavuka, na mimi nimebaki huku ku jiwe.

Sasa ni usiku, Delphin analala. Maman eko Bukavu, analala kwa tantine, dada yake. Nimemuandikia: "Maman, Delphin amevuka peke yake, mara mbili. Usifunge mulango."