Kunguru Hafukuzwi Alipo

Mimi Pankras Kinunda, golikipa wa mtaa wetu hapa Mbinga mjini, sijawahi kufungwa goli na msichana. Nimefungwa na wanaume, tena wenye ndevu, hilo sikatai. Hata mlango wa kanisa hufunguka. Lakini msichana, hapana. Na kabla hujaanza kunong'ona na jirani yako, nikwambie mapema kwamba Lundo siihesabu. Lundo kuna mchanga.

Nilikwenda Lundo msimu wa kahawa ulipoanza. Baba anasema nilikimbia kuchuma. Mimi nasema shangazi Gaudiosa, dada yake baba, alihitaji kijana wa kumbebea magunia. Shangazi ameolewa huko ziwani na kazi yake ni usipa, wale samaki wadogo kama vidole vya mtoto mchanga. Asubuhi anawanunua kwa wavuvi, anawaanika juu ya vichanja mpaka wakauke, kisha anawapakia kwenye lori kuja kuwauza sokoni Mbinga. Kuwachunga wasiliwe na kunguru alimweka binti wa jirani, Careen, aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi, matokeo yakamwambia akae kwanza.

Jioni ya kwanza nikakuta vijana wanacheza ufukweni. Makasia mawili yamechomekwa mchangani, hilo ndilo goli. Nikavua viatu, nikasimama katikati, nikawatangazia kwamba leo wamepata mtu kutoka milimani, wapige wanavyotaka ila wasije wakalia. Careen alikuwa timu ya pili. Kusema kweli sikumwona akicheza. Wenzake wanakimbia, wanapigana vikumbo, wanaitana. Yeye amesimama pembeni mikono nyuma, kama mtu anayesubiri gari la Mbamba Bay.

"Dada, umekuja kucheza au kupunga upepo?" nikamuuliza.

"Nasubiri umalize kuongea," akasema.

Mpira ukapigwa, ukamgonga mtu gotini, ukapaa, ukaja kuanguka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Naapa hapakuwa na mtu. Ulipogusa mchanga Careen alikuwa hapo, akausukuma kwa upande wa mguu, taratibu, kama anasogeza kigoda. Ukapita kushoto kwangu, mimi nikiwa hewani upande wa kulia.

"Mchanga," nikasema.

"Ndiyo, mchanga," akasema. "Uteme kwanza, halafu ndiyo uongee."

Kesho yake mchanga ukarudia. Keshokutwa pia. Nikaanza kumchunguza kama polisi. Chakula chake: ugali wa muhogo na usipa, kama watu wote. Mbio: tulishindana mpaka kwenye mitumbwi, nikamwacha mbali. Shuti: haliwezi kuua hata mbu aliyelewa. Kimo ndiyo usiseme, ananifika kifuani. Nikabaki na jibu moja tu, dawa. Nikamtazama kiunoni na shingoni, sikuona hirizi, niliona rozari ya plastiki ya rangi ya bluu, na hiyo hata mama yangu anayo na hajawahi kufunga goli.

Basi nikaanza kwenda kukaa naye vichanjani asubuhi. Kwa moyo mzuri tu. Mtu mmoja kuchunga vichanja vyote vile si haki.

Kunguru wa Lundo, ndugu yangu, ni watu. Wanatua kwenye kichanja cha mwisho, nakimbia na kijiti changu. Nikifika wameshahamia cha kwanza. Nageuka, nakimbia tena. Wako katikati. Jua likapanda, jasho likanitoka, na mmoja akanitazama usoni huku anameza. Careen amekaa kwenye gogo, anacheka mpaka anajifuta macho kwa kanga.

"Wewe unamfuata kunguru," akasema.

"Sasa nimfuate nani, padri?"

"Kunguru hafukuzwi alipo, mtu wa kahawa. Alipo ameshafika, ameshakula. Mwangalie kichwa. Kabla hajaruka anageuza kichwa, anaangalia anapotaka kwenda. Wewe nenda huko, tena polepole, kama unakwenda kuchota maji. Anakukuta umeshafika."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo kaa kimya. Kunguru anamwogopa anayekimbia. Aliyetulia anamwona kisiki."

Akainuka, akatembea hatua chache kuelekea kichanja ambacho hakikuwa na ndege hata mmoja. Nikataka kumcheka. Kunguru wawili wakaja kutoka nyuma yangu, wakakunja mabawa watue, wakamkuta amesimama pale. Wakapiga kelele za kutukana wakaenda zao ziwani.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Uwanjani wote tunaangalia mpira. Yeye anaangalia vichwa vya watu. Beki akigeuza shingo kutafuta wa kumpa, Careen ameshajua mpira utakwenda wapi, na akikosea mpigaji, ameshajua utadondokea wapi. Wakati huo beki anamwona kisiki.

"Sawa," nikasema, "mabeki nimekubali. Ila mimi kipa, kila siku unanipeleka kulia mpira unakwenda kushoto. Mimi unanisomaje?"

"Wewe ni rahisi kuliko kunguru. Unaongea mchezo mzima kama redio. Ukitaka kuruka tu, unanyamaza. Mimi nasubiri unyamaze, naangalia unaegemea wapi, naupeleka kwingine."

Sikumjibu. Naye akasema, "Unaona, sasa hivi umenyamaza, unataka kukimbia."

Siku hizo hizo shangazi akarudi kutoka Mbinga na habari. Mwalimu Tumsifu, anayefundisha hisabati mjini, alikuwa anakusanya timu ya wasichana ya kwenda kwenye mashindano Songea. Mwalimu huyu ametoka Kilimanjaro, amepangiwa kazi kwetu mwaka wa tatu huu, na bado anashangaa kwamba sisi nasi tuna baridi. Nafasi ya mshambuliaji ilibaki moja. Na kwenye mashindano yale, shangazi akasema, huwa wanakuja walimu wa shule zenye timu za wasichana. Wakimpenda mchezaji wanamchukua, anaanza tena kusoma.

Careen alikuwa anageuza usipa. Akaendelea kugeuza, lakini alirudia kichanja kile kile alichokwisha kugeuza.

"Nikikosa nitarudi hapa," akasema. "Usipa hawaishi."

Alisema kwa utani. Shangazi hakucheka. Jumamosi tukapanda lori, magunia chini, sisi juu, Careen amevaa sweta la shangazi linalomfika magotini.

Uwanja tunaochezea sisi uko ubavuni mwa kilima. Ukicheza kupandisha unacheza mpira, ukicheza kuteremsha unacheza na Mungu. Mpira ukitoka unatumbukia kwenye ngolo za Mzee Xavery, yale mashimo ya kilimo chetu Wamatengo, mnautafuta kati ya maharage huku mzee anawahesabia miche mliyoikanyaga. Asubuhi hiyo palikuwa na ukungu. Careen alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, amevaa njumu za kuazima.

Mwalimu hakuwa na kipa wa kuwajaribu washambuliaji, akaniita mimi. Wenzangu wa timu ya mtaa, Henry beki wetu akiwa mbele yao, wakajipanga nyuma ya goli langu kuja kuchekeshwa.

Kulikuwa na binti mmoja wa hapa mjini, Lidia, yuko kidato cha pili. Anakimbia kama bodaboda iliyokatika breki. Kila akishika mpira watu wanasimama. Anapiga mashuti ya kulia na ya kushoto, nami nikayadaka yote, kwa sababu kila akiinua mguu, hata Mzee Xavery shambani kwake alijua mpira unakwenda wapi. Mwalimu alikuwa anamtazama Lidia kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Yule wa Lundo mbona amesimama?" akauliza. "Ana homa?"

Mimi nilijua hana homa. Na nilikuwa nimejiandaa. Kama siri yangu ni kunyamaza, basi leo sinyamazi. Nikaongea. Nikawasalimia mabeki na wazazi wao, nikatangaza hali ya hewa, nikasimulia mboga tuliyokula jana. Maneno yakaniishia, nikaanza kutaja vituo vya basi kutoka Songea kuja Mbinga. Nilipofika Kitai mpira ulikuwa wavuni. Nilikuwa nimeongea vizuri sana, ila nilisahau kuruka.

Goli la pili, beki aligeuza shingo kutafuta wa kumpa pasi, na Careen akaanza kutembea. Anatembea tu, kama anakwenda kuchota maji. Pasi ikapigwa, ikamkuta. Nikanyamaza. Nilijua kabisa nimenyamaza, nikajisikia nanyamaza, na bado nikaruka kulia.

La tatu sitaki kulieleza. Lilipita kati ya miguu.

Nyuma ya goli hawa jamaa walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. "Kipa," Henry akasema, "leo umekuwa mlango wa sokoni. Kila mtu na kikapu chake anapita."

"Na mwenye kikapu ni binti," mwingine akasema.

Mwalimu akaja na ubao wake wa kuandikia. "Pankras, nieleze. Mashuti ya Lidia umeyatoa yote, yana nguvu. Haya ya huyu yalikuwa polepole, yamekupita matatu. Imekuwaje?"

Kila mtu alikuwa ananitazama. Midomo yangu ikafanya kazi kabla ya kichwa.

"Mwalimu, nilimwachia. Mgeni, ametoka mbali, anatetemeka na baridi. Nikamwonea huruma."

Wenzangu wakasema aaah, na kicheko kikapoa. Nikajisikia vizuri kwa muda ambao mtu angeweza kupiga chafya.

"Umefanya vibaya sana," Mwalimu akasema. "Hapa nilikuwa napima watu. Kama ulimwachia, magoli hayo siwezi kuyahesabu, na bila hayo magoli huyu binti amesimama tu. Basi namchukua Lidia."

Careen alisikia. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Alikaa kwenye majani yenye umande, akaanza kufungua kamba za zile njumu. Alifungua moja, akaigonga chini udongo utoke, akaiweka pembeni vizuri kama kitu cha mtu. Akaanza ya pili.

"Mwalimu," nikasema, "ngoja kwanza. Labda si yote niliyomwachia."

"Ulimwachia mangapi?"

"La kwanza nilimwachia. La pili nilimwachia kidogo."

"Goli linaachiwaje kidogo?" Henry akauliza.

Njumu ya pili nayo ikatoka mguuni. Basi nikaona heri nieleze mchezo wenyewe, labda mimi wanisahau. "Mwalimu, hajasimama yule. Anawaangalia vichwa. Beki akigeuza shingo tu, yeye ameshajua mpira unatua wapi, anakwenda kuungoja. Anakwenda polepole ili msimwone. Anatulia ili mumsahau. Nawe mwenyewe ulimsahau, ukadhani ana homa. Lidia anaufuata mpira ulipo. Huyu anakwenda utakapokuwa. Na kipa anamsoma kabla kipa hajajijua. Ukimpeleka Songea, wa kule watamwona kisiki mpaka wahesabu magoli."

Mwalimu akageuka kumtazama Careen, kisha uwanja, kisha mahali pale pasi ya beki ilipomkuta. Nilimwona akirudia goli lile kichwani, hatua kwa hatua, kama anavyorudia hesabu ubaoni.

"Kweli," akasema polepole. "Alianza kutembea kabla ya pasi." Halafu akanigeukia. "Lakini wewe haya umeyajulia wapi? Haya si ya kuona asubuhi moja."

"Niliona tu, Mwalimu. Nilikuwa Lundo kwa shughuli zangu. Nikawa napita pita."

"Alikuwa anapita nani?"

Ilikuwa sauti ya shangazi Gaudiosa. Nilidhani yuko sokoni na magunia yake. Kumbe alikuwa amesimama pembeni muda wote, kanga begani, na nyuma yake dereva wa lori anakula muwa.

"Shikamoo mama," Mwalimu akasema.

"Marahaba, mwalimu. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, na hakupita, alikaa. Tena hajamwachia mtu goli tangu azaliwe; hata kichwa cha samaki mezani kwangu hakuachii. Yeye na huyu binti waliwekeana sharti: akifungwa jioni, asubuhi anamchungia usipa. Tangu hapo sijamwona Careen akishika kijiti. Anakaa kwenye gogo anamcheka."

Nyuma ya goli jamaa wakaanza kukusanya pumzi za kucheka.

Mwalimu akafuta kitu kwenye ubao wake. "Lidia, wewe bado una miaka, mwakani uko nami," akasema, na Lidia akaitikia kwa kichwa, ingawa macho yalikuwa mekundu. Kisha Mwalimu akamwendea Careen pale kwenye majani. "Binti, vaa njumu. Unatakiwa Songea. Majina yako kamili?"

Careen akayataja, matatu yote, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia Lundo, huku anafunga kamba. Nilifurahi, nisiseme uongo. Ila Henry alikuwa ananitazama, na mtu lazima ajitetee.

"Shangazi anatia chumvi," nikawaambia jamaa. "Zilikuwa asubuhi mbili tatu, za mwanzoni, kabla sijauzoea mchanga."

"Mchanga," shangazi akasema. "Leo alfajiri magunia yameshapakiwa, watu tumeshapanda, huyu alimwomba binti wa watu ashuke wapige mpira wa mwisho, ili aondoke Lundo na heshima yake. Akafungwa. Tukakaa juu ya lori tunamsubiri amalize kuchunga vichanja vya mama yake Careen, kwa kuwa vyangu vilikuwa vitupu, ndiyo maana tumefika hapa ukungu umeanza kupungua. Muulizeni dereva huyu hapa."

Dereva akatema makapi ya muwa. "Na mimi," akasema, "nilimwambia aruke kushoto."