Ukili Uliosogezwa

Aliyenipa habari hii ni Josefina, mpishi wa chuo kimoja cha ufundi kule Korogwe, na alinipa Jumapili iliyopita, tumekaa nyuma ya nyumba tunachambua choroko. Josefina si mtu wa kusimulia asilolishuhudia. Haya aliyaona tangu chai ya asubuhi ya siku yenyewe, na ambayo hakuyaona alielezwa na Munira mwenyewe.

Huyu Munira ni binti wa Misima, Handeni. Yuko mwaka wa pili, anasomea ubunifu. Mtu akimuuliza ubunifu ndiyo kazi gani, hujibu kuwa ni kukifikiria kitu kabla hakijawa kitu. Bibi yake aliyemlea, Bi Fatu, alilisikia jibu hilo mara nyingi, na kwa miaka miwili yote akawa anawaambia majirani kwamba mjukuu wake anasomea ushonaji, maana hilo angalau linaelezeka.

Basi mwaka huu wanafunzi wakapewa kazi ya mwisho. Wawili wawili wajenge banda ambalo mtu ataingia, atazame, aguse, na akitoka awe anajiuliza: miaka kumi ijayo, kazi za kubuni zitafanywa na nani, ikiwa sasa kuna kompyuta zinazochora zenyewe? Wakaguzi wangetoka Tanga siku ya Jumamosi, na katika mabanda yote wangechagua moja tu liende kwenye maonesho ya mkoa. Munira alilitaka hilo moja mpaka chakula kikawa hakishuki. Na si kwa ajili ya sifa. Alitaka siku moja bibi yake asimame mbele ya kitu, akitazame, ajue mjukuu wake anasomea nini.

Mwenzake alikuwa Gerald, kijana wa Kisambaa kutoka Bumbuli, mwepesi wa kompyuta na mwepesi wa maneno. Wakaanza kwa kuiomba kompyuta ichore mkeka. Ikachora, tena mikeka ya kumtoa mtu udenda. Munira akaichapa michoro ile kwenye karatasi, akakaa chini na ukindu wake, asuke kama inavyoonekana. Akasuka, akafumua, akasuka. Mwishowe akafuata jani moja la kwenye picha kwa kidole: lilizama chini ya mwenzake, halikuibuka tena mahali popote. Jingine lilianzia hewani. Gerald akasema labda kompyuta hiyo imekulia mjini.

Hapo ndipo wazo likaja. Nyuma ya karakana wakasimamisha banda la mbao na magunia. Ukutani wakaweka skrini yenye mikeka ya kompyuta. Kutoka kwenye skrini zikaanzia zile karatasi, zimeunganishwa kama mkanda, zikapanda juu, na zilipoishia karatasi ukapokea ukili wa kweli, ule utepe mrefu unaosukwa kwanza ndipo ushonwe uwe mkeka. Munira aliusuka wiki tatu, darasani, njiani, mpaka kwenye foleni ya chakula. Ukazunguka dari yote, ukashuka mlangoni, na pale usawa wa kifua cha mtu ukaachwa bila kufungwa, ncha za majani zimechanua. Anayeingia azione, ajue kwamba kesho bado haijasukwa.

Mwalimu wao, Mwalimu Agripina, si mtu wa kusifia ovyo. Siku alipokuja kukagua alisimama mlangoni muda mrefu, akazigusa zile ncha.

"Kazi yenu yote iko hapa," akasema. "Usizifunge, Munira, hata ukitamani vipi."

Jumamosi ikafika. Bi Fatu akaja na basi la asubuhi, yeye na majirani zake wawili, Maryamu na Zuena, khanga zao sare kama wanaokwenda kutoa mahari. Munira akawapokea, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akawaketisha ndani ya banda penye kivuli. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na bila skrini hakuna kazi. Wakaguzi walitarajiwa saa nane. Ikambidi yeye na Gerald waende Old Korogwe, kule karibu na mto, kuazima jenereta. Akamwomba Josefina awape wageni chai, akamwambia bibi yake anarudi sasa hivi.

Sasa kule Misima kuna jambo moja. Mwanamke akikuta ukili wa mwenzake umeachwa ncha wazi na mwenyewe hayupo, hapiti hivi hivi. Anakaa, anaulowesha kidogo, anausogeza, yaani anausuka mbele pima moja ama mbili, ndipo anaendelea na safari yake. Kuupita ni kama kupita chungu cha jirani kinafurika jikoni. Munira alilijua hilo tangu meno ya utotoni. Ila lilikuwa limemkaa mwilini kiasi kwamba hakukumbuka kuwa analijua.

Josefina alipoleta chai alimkuta Bi Fatu amesimama mlangoni, amezishika zile ncha, anasikitika kwamba masomo yamemzidi mtoto mpaka ameacha ukindu ukauke. Akaomba maji kwenye kikombe. Josefina ni mtu wa milimani, mambo ya mikeka hayajui. Akaleta maji, tena kikombe kikubwa.

Munira na Gerald walirudi saa saba na nusu, jenereta juu ya mkokoteni, jasho linawatiririka. Dari ilikuwa tupu. Wanawake watatu wameketi chini, miguu wameinyoosha, ukili wote umeshushwa, umeongezwa, umefungwa mwisho kwa fundo safi, na mkeka umeshaanza kushonwa, upana wake umefika kama wa mlango.

"Tumekusogezea, mjukuu wangu," Bi Fatu akasema, uso unang'aa. "Ukili unatosha mkeka mzima, wewe unautundika juu kama nyama ya kukausha."

Munira akapiga goti, akashukuru. Kisha akatoka taratibu, akaenda jikoni kwa Josefina, akachukua kitunguu akaanza kumenya, ili machozi yapate sababu.

Gerald akamfuata huko huko. Akasema nusu saa inatosha, wafumue upesi, waurudishe juu.

"Nifumue mshono wa bibi yangu mbele ya macho yake?" Munira akauliza.

Gerald akaliacha wazo hilo, kwa sababu naye ana bibi. Munira akachukua kitunguu cha pili. Alipofika katikati mkono ukasimama.

"Mwalimu alisema tusifunge ili iweje?"

"Ili mtu aone kwamba haujaisha."

"Na bibi alipoona haujaisha, akafanya nini?"

Gerald akafikiri. "Akakaa."

"Basi," Munira akasema, akaacha kitunguu pale pale, nusu kimemenywa. Josefina anasema ndicho alichokikata kwenye mchuzi wa siku ile.

Wakarudi mbio. Munira akamwomba bibi yake jambo moja tu, afungue lile fundo la mwisho, wengine waendelee kushona kama walivyo. Bi Fatu akanung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawajui wanachotaka, lakini akafungua. Gerald akavuta kamba ya jenereta, ikakohoa, ikawaka, skrini ikajaa mikeka. Bi Fatu ndiyo kwanza aione. Akasogea karibu, akafuata jani kwa kidole, kama alivyofanya mjukuu wake.

"Nani kachora hii?"

"Kompyuta, bibi."

"Huyu hajawahi kukaa chini," akasema.

Lakini hakuondoka. Alibaki kwenye pembe moja ya picha, penye majani mawili yaliyopishana kama mkia wa samaki, mtindo ambao Misima haujulikani. Akachukua ncha akajaribu. Ukamkatalia. Akajaribu tena, jani moja akalipitisha juu badala ya chini, na mkia wa samaki ukasimama mkononi mwake. Maryamu na Zuena wakaacha sindano wakatazama.

"Njia kapotea, ila wazo analo," Bi Fatu akasema, akamgeukia Gerald kwa utani. "Mchumba, hebu mwulize, ana jingine?"

Wakaguzi waliingia wakati Gerald anamtafutia jingine. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Mzee Mustapha, mtu wa uso mkavu na suruali iliyopigwa pasi. Akatazama karatasi yake, akatazama mlango. Akasema kwa maelezo aliyopewa, hapa mlangoni palikuwa na ncha inayoning'inia.

"Iko kwa bibi, mzee," Munira akamjibu. "Karibu ukae."

Bi Fatu akampisha nafasi. Mzee Mustapha akasita, akaitazama suruali yake, akakaa. Akapewa ncha. Akasuka mara nne, zote kombo.

"Baba," Bi Fatu akamuuliza kwa upole, "unasuka ama unamfunga mbuzi?"

Banda zima likacheka, na yule mzee mwenyewe akacheka mpaka miwani ikamteleza. Akataka kufumua, Bi Fatu akamzuia mkono. Akamwambia aache, wakiulizwa nani kapinda hapo watasema ni yeye. Wenye mabanda mengine walikuja kumwita mara mbili kabla hajanyanyuka.

Jioni Mwalimu Agripina akaja na jibu. Wamechaguliwa, ila kwa sharti: na wale kina mama waende Tanga, kwani bila wao hilo ni banda la magunia tu. Bi Fatu akakataa hapo hapo. Mahindi yake yanakomaa, na ngedere wa Misima hawajui habari za maonesho. Ikawa mjadala. Wakakubaliana siku mbili, mume wa Maryamu alinde shamba, na Gerald baada ya maonesho aje kupukuchua mahindi kama mchumba mwenye adabu. Kwenye fomu, palipoandikwa wabunifu, Munira akajaza majina matano, akamsomea bibi yake. Bi Fatu akaionesha skrini kwa kidevu.

"Na huyu?"

Gerald akaiandika kompyuta pale chini, kwa herufi ndogo.

Basi la Handeni lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo wageni wakalala chumbani kwa Munira, na ule mkeka mpya ukatandikwa chini. Baada ya kula, Bi Fatu akapiga simu nyumbani kuulizia kuku. Munira, akiosha vyombo nje, akamsikia anamkatiza mtu.

"Siyo ushonaji bwana, mimi ndiye nilikosea. Anasomea kumkalisha mtu chini mpaka akumbuke kwamba ana mikono."

Munira akaisuuza sahani ile ile mara tatu.

Alipoingia ndani, Maryamu na Zuena walishalala. Bi Fatu alikuwa ameegemea ukuta, anaujaribu tena ule mkia wa samaki. Vidole vikaenda, vikapunguza mwendo, vikasimama. Kichwa kikalala begani. Munira akamlaza vizuri, akamfunika khanga, akautoa ukili mkononi mwake. Akausogeza kidogo tu. Akauacha na ncha zake wazi pembeni ya mto, akazima taa, naye akalala.