Mota Iliyochechemea

Kosa lenyewe lilikuwa la aina inayowapata watu wa kazi ile tu. Katika chumba cha chini ya kanisa, mtaa wa Hochelaga pale Montreal, Gaétan Thibodeau alifundisha watu kuunda mashine za sauti kwa vyombo vya umeme vilivyotupwa: printa, redio za kaseti, feni. Sheria yake ilikuwa moja. Kilichowekwa kwenye meza nyekundu ni mzoga. Mwenye bisibisi ajichunie vipuri.

Rolande Picard, mwanafunzi wake, mjane aliyeshona kiwandani miaka thelathini, aliiweka mashine yake pale kidogo tu, apanguse meza yake. Sasa, mashine ya takataka ina sura gani ya kuitenga na takataka? Gaétan akapita, akaona mota ya printa, akaing'oa, akaifunga kwenye mashine yake mwenyewe. Alitambua kesho yake, Rolande alipogeuzageuza makopo ya mashine yake yasiyogonga tena na kuuliza, bila kelele, nani amemtoa roho mtoto wake.

Macho yakamwendea mwenzao Fabrice, fundi friji mstaafu, maana mkono wake ulijulikana kwa wepesi. "Fabrice bwana," mmoja akasema, "siku ukifa tutakupekua mifuko kabla ya kukuzika." Wakacheka. Fabrice alimtazama mwalimu. Gaétan akainamia waya zake kama anayetafuta sindano. Fabrice akaondoka, hata bisibisi yake akaisahau.

Tangu hapo Gaétan alijiambia kila siku atasema kesho. Kesho ikija, anasema habari za theluji.

Jumamosi ya maonyesho ya mashine zao watu walijaa na makoti yao. Mashine zikagonga, zikakoroma, zikapiga miluzi. Zamu ya mwalimu ilipofika, akabonyeza swichi. Tak, tak, kimya kidogo, tak. Gurudumu la mota lilikuwa na jino lililovunjika, likichechemea palepale. Rolande, mstari wa mbele, hakushtuka.

Gaétan akazima. Akaifungua mashine mbele ya wote, akamwekea Rolande mota kiganjani.

"Ni mimi, Bibi Rolande. Niliitoa kwa kutojua, nikaificha kwa kujua. Fabrice hakugusa kitu."

"Ulipoijaribu Jumanne niliisikia," Rolande akasema. "Mashine yangu naijua kwa mlio, mzee. Nikakungoja useme. Kwa kunyamaza kwangu nitajibu mwenyewe. Jambo la Fabrice ni lako."

Gaétan akaichukua ile bisibisi iliyosahauliwa, akatoka bila koti kwenda kwa Fabrice.

Fabrice alifungua mlango nusu, hakumkaribisha. Gaétan akayasema yote kizingitini, theluji ikimwingia viatuni. Fabrice akaipokea bisibisi yake, akaikagua ncha.

"Wenzetu umewaambia?"

"Wote."

"Mimi ndiye wa mwisho, basi."

Fabrice akaitia bisibisi mfukoni.

"Nenda, mwalimu. Baridi inaingia ndani."

Mlango ukafungwa taratibu. Gaétan akabaki amesimama, kichwani mota ile ikiendelea kuchechemea.