Gari Lililokataa Jina

Likizo ya Pasaka ya mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na mitano, alama nzuri za Kilatini, na vipande vinne vya risasi mfukoni. Alama za Kilatini hazikumdhuru mtu.

Vipande hivyo nilivitoa kwenye gari la mjomba wangu Kalenga, nyumbani kwake Kampemba. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la viti viwili, limetoka Italia mwaka niliozaliwa. Mgiriki mmoja, muuza vitambaa, alimwachia mjomba siku alipofunga mizigo yake kurudi kwao. Nyuma lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe: MADELEINE. Lakini serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo. Mimi niliyebatizwa Clovis nilikuwa Nkandu kwenye kila karatasi, na mjomba, mtu wa kuogopa barua zenye muhuri, aliona gari haliwezi kubaki na jina la namna ambayo wenye gari wamekatazwa. Jumapili moja akalikwangua kwa wembe, akaandika MWAPE, kwa sababu ni fupi na rangi ilikuwa kidogo.

Jumapili hiyo hiyo mimi niliamriwa kuosha magurudumu. Kwenye ukingo wa kila rimu nikakuta kipande cha risasi, ile metali nzito, kimebanwa, ambacho kwa maoni yangu ya kitaalamu hakikuwa na kazi. Kwenye uzi wa kuvulia samaki kilikuwa na kazi. Nikavitoa vyote kwa bisibisi, nikaenda mto Kafubu.

Jumatatu, gari lilipofika kilomita themanini kwa saa, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwa mjomba kama mtu mwenye homa.

Wakati mwingine angecheka. Wiki hiyo hakucheka, kwa sababu Jumamosi alikuwa ampeleke mzee Musonda mpaka Likasi, kwa kaka mkubwa wa mzee huyo, wakazungumze mahari ya Delphine, binti wa mzee na mchumba wa mjomba. Mzee Musonda alikuwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma kule migodini, miaka thelathini anachonga vitu vya duara. Aliwahi kushuka kwenye basi katikati ya safari kwa sababu dereva alikuwa anapiga miluzi. Alikuwa amemwambia mjomba waziwazi: "Nitaingia mu gari yako, nitaangalia mikono yako. Muntu mwenye volant yake inatetemeka, nyumba yake nayo itatetemeka." Delphine alikuwa amesubiri miaka miwili mpaka baba yake akubali kuingia.

Jumanne mjomba alimweleza kambo, yaani bibi yangu, mama yake, aliyekuwa anachambua maharagwe mlangoni.

"Ilianza siku gani?" kambo akauliza.

"Lundi."

"Na jina ulibadilisha siku gani?"

"Dimanche."

Kambo akaweka ungo chini. "Mutoto ukimupatia jina yenye haiko yake, analia, anatetemeka, anakataa ziwa. Unamutajia majina ya bantu ya zamani, moja moja. Ile yenye itamunyamazisha, njo yake."

"Mama, hii ni gari."

"Haitetemeke?"

"Inatetemeka."

"Basi."

Hapo mimi, badala ya kukiri, nilisimama wima kama mbele ya padri prefe, mkuu wa nidhamu kule internat, shule yetu ya bweni, na kusema: "Kambo iko na haki, mjomba. Hata Baroma walikuwa na ile mambo." Mjomba aliheshimu sana Kilatini changu. Akachukua funguo.

Tulipanda watatu. Kambo kwenye kiti cha pembeni, kitambaa chake kipya kichwani, mimi nimekunjwa nyuma ya viti kama mwavuli. Tulishika barabara ya Kasumbalesa. Kwenye themanini usukani ulianza.

"Mutale," kambo akasema.

Ukatetemeka.

"Chola."

Ukatetemeka zaidi.

"Casimir."

"Mama, ile ni ya ubatizo. Ilikatazwa."

"Alikuwa kaka yangu. Nyamaza, endesha."

Casimir naye alikataliwa. Mbele yetu kulikuwa na lori la makaa linalojikokota, mjomba akakanyaga mafuta ili alipite. Tisini. Tisini na tano. Mshale uligusa mia wakati kambo anasema, taratibu, jina la marehemu mume wake:

"Kapya."

Usukani ukatulia. Ulitulia kabisa, kama mtu amezima radio. Nami niliuma mkono wa shati langu nisicheke.

Tuliporudi kwenye themanini, mtetemo nao ukarudi. Kambo hakushtuka. "Kapya hakupendaka kwenda polepole," alisema.

Jioni mjomba aliandika KAPYA kwa herufi kubwa, kisha akakaa kwenye kiti cha dereva gari likiwa limesimama, mikono kwenye usukani, akifanya mazoezi ya sauti. "Mzee, tutaenda mia, cent kamili, mpaka Likasi. Ni juu ya jina." Alisema mara tatu, na kila mara ilizidi kuwa mbaya. Kichwani mwangu nikamwona mzee Musonda akishuka kabla ya mzunguko wa kwanza wa barabara. Nikaona pia jozi ya viatu vipya ndani ya karatasi, vimewekwa kwa ajili ya Jumamosi. Kicheko changu kiliishia kwenye viatu hivyo.

Ijumaa asubuhi mjomba alilipeleka gari Kamalondo kwa fundi Symphorien libadilishiwe mafuta kwa ajili ya safari ya mahari, akaenda kazini, akaniacha nilinde. Symphorien alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kulalamika. Nilimwomba aangalie na usukani. Aliinua gari kwa jeki, akashika gurudumu la mbele juu na chini, akalisukuma na kulivuta, kisha kushoto na kulia.

"Haichezi. Roulement iko muzuri, rotule iko muzuri," alisema, yaani beringi na viungo vya usukani. "Ukikanyaga frein, inazidi?"

"Apana."

"Inaanza themanini, ku cent inakwisha?"

"Ndiyo."

"Basi ni roue yenyewe."

Alilizungusha gurudumu la kulia, akaliacha lisimame lenyewe, akaweka alama ya chaki chini. Akalizungusha tena. Chaki ikarudi chini. Mara ya tatu, chini tena: upande huo ulikuwa mzito kuliko mwingine. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa rimu na kusimama penye alama ndogo safi.

"Hapa palikuwa plomb," alisema, "risasi ya kusawazisha roue." Akageuka kuniangalia. "Ku internat banafundisha kuvua samaki?"

Nikatoa vipande vitatu, nikavipanga juu ya sanduku la vyuma.

"Ya ine?"

"Iko Kafubu. Chini ya jiwe."

"Na samaki ulipata?"

"Apana."

"Ulipoteza plomb, ulikosa samaki, na mujomba yako anaenda kukosa bibi ya kuoa. Wewe uko muntu wa maana."

Kilichozama kilikuwa cha gurudumu hilo hilo, na kizito kuliko vyote. Ndiyo maana nilikichagua kwanza. Vitatu vilivyobaki vilikuwa vya magurudumu mengine, na hata vikiunganishwa havikutosha hilo la kulia. Vipya havikuwepo mjini tangu wenye maduka ya vipuri, wageni walionyang'anywa biashara, waondoke. "Letea kitu kizito," Symphorien alisema, "chenye kinakunjika."

Nilikimbia mpaka Kampemba na uongo wangu tayari mdomoni. Kambo alikuwa na bangili ya shaba ya marehemu Kapya, pana, iliyo wazi upande mmoja.

"Kambo," nilisema kwa sauti ya misa, "Symphorien anasema mutoto mwenye banamupatia jina ya muntu, anavaaka na kitu ya ule muntu."

"Ni kweli. Tunafanyaka vile." Akaivuta kutoka kwenye sanduku lake, akaifuta, akaniwekea mkononi. "Na ile uzi yako ya kuvulia, chini ya kitanda, iko na grisi ya gari. Niliona tangu lundi."

Nikakaa chini kando ya sanduku. "Sasa majina ulitaja juu ya nini?"

"Mwaka muzima Kalenga hajanitembeza mu ile gari." Akarudi kwenye maharagwe yake. "Tena Kapya aliitika. Wewe mwenyewe ulisikia."

Symphorien alirudisha vile vitatu mahali pake, akakata kipande cha bangili, akakikunja kwenye ukingo wa rimu, akakipunguza kwa tupa kidogo kidogo, akizungusha na kuzungusha, mpaka gurudumu likaacha kuchagua pa kusimama. Kilichobaki alinirudishia. Mjomba aliambiwa tu kwamba Kapya amevalishwa, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia hivyo.

Jumamosi waliondoka saa mbili asubuhi, wakarudi saa kumi. Mzee Musonda alishuka, akazunguka gari, akapiga goti mbele ya gurudumu la kulia. Aliigusa shaba kwa kidole.

"Nani alifanya hii kazi?"

"Symphorien wa Kamalondo, mzee," mjomba akasema.

"Ni muntu wa kazi. Na nani alifanya ile kazi ikuwe lazima?"

Uso wangu ulijibu kabla yangu, na wote waliniangalia. Kambo aliniangalia kwa masikitiko makubwa kuliko wote.

Mzee alijikung'uta goti. "Volant ilisimama kama mashine yangu. Kaka yangu alikubali, na miye nimekubali. Lakini siku ya ndoa, huyu kijana asikaribie kitu yenye inazunguka."

Kwa hiyo siku ya ndoa nilipewa maua nimpelekee Delphine. Aliyapokea kwa tabasamu, akayapima kwanza mkononi, juu chini, juu chini, kisha akayageuza na kuyakung'uta.