Samaki wa Heshima ya Wageni

Mwaka sabini na tano mimi nilikuwa bwana samaki, Cornel mpiga picha za sinema. Mimi Msagara, yeye Mnyamwezi, mtoto wa fundi reli wa pale Kilosa. Watani. Tangu Landrova itoke Mikumi mpaka tunaufikia Ruaha, chini ya milima ya Vidunda, hatukuwa tumeambiana neno moja la heshima.

"Wewe kaa nchi kavu," nikamwambia. "Mnyamwezi ni wa kubeba mizigo. Kuogelea utamwambia nani?"

"Shika kamba, Msagara. Nikifa njoo msibani na mchele wako, maana nyie mkialikwa mnakula mpaka sanda."

Sinema yenyewe ilikuwa ya kuzungushwa vijiji vya ujamaa. Watu waone samaki wanavyoishi na kulea vitoto chini ya maji, waache kuvua kwa utupa. Utupa unaujua: majani yanatwangwa, yanamwagwa mtoni, samaki wanalewa wote, mkubwa na mchanga, wanaelea matumbo juu.

Tulichagua pale akina mama wanapochotea maji. Palikuwa na uzio wa magogo yaliyochomekwa mtoni kama nusu duara, mamba wasipite. Cornel akafungwa kamba kiunoni, akalala kifudifudi ndani ya uzio, mpira wa kupumulia mdomoni. Kamera ilikuwa kwenye sanduku la chuma lenye kioo, limezibwa kwa tyubu ya lori.

Asubuhi nzima hakupata kitu. Matope na viluwiluwi.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Anselmi, alikuwa anaona aibu kama kuku wake ndiye aliyegoma kutaga. "Wageni wametoka mbali hivi, warudi na picha ya tope?" Akaenda kunong'ona na Mama Hildegarda, mkubwa wa akina mama wale. Baadaye nikawaona akina mama wanapanda na vikapu kuelekea juu ya mto, na wanaume wawili wameingia majini upande wa pili wa uzio. Nikadhani wanaimarisha magogo. Nikashukuru moyoni.

Jua lilipopanda vizuri, Cornel akainua kichwa, anacheka na mpira mdomoni. Akautoa. "Msagara! Perege! Kambale! Wanakuja wenyewe, wananigusa mikono!"

Kweli walikuwa wanakuja, wengi. Nikafurahi. Halafu nikamwona perege mmoja amelala ubavu. Mwingine tumbo juu. Maji yakaanza kuwa na povu la kijani na vipande vya majani yaliyotwangwa.

Nikamgeukia Mzee Anselmi. "Shikamoo tena, mzee. Haya majani ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni utupa kidogo tu, tumewaletea samaki. Na magogo tumeng'oa manne pale, samaki wapate mlango."

Utupa samaki wanalewa, lakini mamba halewi. Anakuja kuokota.

Nikatazama ule mlango. Nje ya uzio samaki weupe walikuwa wanateremka na maji, na mmojawapo akazama ghafla, bila kishindo. Halafu wa pili, karibu zaidi. Katikati yao yalikuwa macho mawili, na nyuma yake mgongo mrefu kuliko mtumbwi.

"Cornel! Mamba! Toka!"

Akainua kichwa, akacheka. "Leo hunipati, Msagara. Unanitisha na mamba tangu Mikumi." Akarudi chini.

Nikavuta kamba. Ilikuwa imejisokota kwenye gogo, ikagoma. Akina mama wakapiga yowe. Cornel akainuka tena, safari hii amekasirika. "Mnanifukuzia samaki! Mtani, filamu ni hii moja tu!"

Macho yale yalikuwa yameshafika mlangoni. Maji ya pale yakatulia kama mafuta.

Nikatafuta neno. Kila nililonalo kwa ajili ya yule mtu lilikuwa tusi. Nikipiga kelele, utani. Nikilia, utani pia, maana kwa kulia uongo nilikuwa hodari. Nikaingia majini mpaka magotini. Nikafanya kitu ambacho mtani hamfanyii mtani: nikapiga magoti kwenye tope, nikakunja mikono, nikasema polepole.

"Bwana Cornel. Naomba, tafadhali. Nakuomba kwa jina la mama yako, njoo nilipo. Usigeuke nyuma."

Akanitazama. Nikaona hasira inamtoka usoni kidogo kidogo, kama rangi inayofuliwa. Hakuuliza. Akaachia sanduku la kamera, akaanza kutembea, kifua majini, halafu tumbo, halafu magoti. Nyuma yake kitu kikasukuma maji. Nikamshika mkono, Mzee Anselmi akamshika wa pili, tukaanguka wote ufukweni kama magunia.

Sanduku lilizungushwa mara moja, kioo kikalia *kwaa*, likazama na filamu yake.

Mama Hildegarda alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Cornel alikaa kwenye mchanga, kamba bado kiunoni, anatazama samaki wanaelea kupita.

"Asante, bwana," akaniambia.

Hapo ndipo hofu ilinishika sawasawa. "Usiniambie asante," nikasema. "Nitukane, Mnyamwezi. Nitukane kidogo."

Akafungua mdomo, akajaribu. Meno yakagongana tu.