Uthibitisho wa Kabibi

Leso za akina mama zilikuwa zimetandikwa chini, apite mwenye sherehe, kutoka langoni hadi kwenye kiti cha heshima, na Kabibi alisimama mbele ya ile ya kwanza akashindwa kuikanyaga. Akina mama wa Magarini walidhani anaona haya ya kawaida, wakazidisha vigelegele.

Laiti wangejua. Mwezi mzima Kabibi, mwalimu wa chuo kule Kilifi, alikuwa ametamba kwamba amethibitisha dhana iliyowashinda wakubwa wa hisabati. Dhana yenyewe inahusu makundi yenye ukomo, ambayo vitu vichache tu, vizalishi, vikiunganishwa huzaa kundi zima. Inasema ukiwa na kizalishi kimoja zaidi ya idadi ndogo kabisa inayotosha, unaweza kuvibadilisha kimoja kimoja, kila mara kwa kukiunganisha na mwenzake, hadi ufikie seti nyingine yoyote ya vizalishi vya idadi ileile. Mamake hakuelewa hata chembe, ila alielewa "wa kwanza duniani", akaalika kijiji.

Mwenzake wa kazi, Musyoka, alikuwa amemwonya mbele ya wanafunzi: ile hatua ya katikati ya uthibitisho inafaa makundi mengine, si yote. "Wewe baki na takwimu zako," Kabibi alimjibu, na darasa zima likaangua kicheko. Jana asubuhi, akinywa chai, aliipitia tena hatua ile kwa kiburi tu, apate jibu la kumfunga mtu mdomo. Ikamvunjikia mkononi.

Na Musyoka huyo alikuwa amealikwa. Alikaa nyuma kabisa, karibu na sufuria za pilau, na alipoombwa aseme neno kabla Kabibi hajapita, alisema tu kwamba mwenzake anafundisha vizuri. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Pita, mwanangu," mamake akamhimiza.

"Mama, siwezi. Nimekosea. Sikuithibitisha."

Vigelegele vikakatika. Mamake hakufoka.

"Nani aliyeliona kosa?"

Kabibi angeweza kusema ameliona mwenyewe, na ulimi ulimwasha. "Mwalimu Musyoka. Aliniambia mapema, nami nikamfanyia dhihaka."

"Basi apite yeye."

Mamake akaenda nyuma, akamshika mgeni mkono. Musyoka alikataa, akakataa tena, mwishowe akavua viatu, akapita ameinamisha kichwa kama mtu anayepelekwa kuadhibiwa. Hakuna aliyeshangilia, hawakujua kama inafaa.

Ikabidi aanze Kabibi. Alifungua kinywa apige kigelegele, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kilio.