Kamba za Viatu vya Kiongozi

Fundi viatu alikuwa haipendi Ijumaa. Ndiyo siku mke wa Kiongozi, yule mpinzani wa serikali, alipopita mbele ya kibanda chake na kapu la chakula, akienda mahabusu kule mwisho wa barabara, alikofungiwa mumewe. Mwaka wa pili huo, mvua haimrudishi, jua halimrudishi. Na Fundi, mgane wa miaka mitatu, kila akimwona alijihisi kama amemeza msumari. Mtu kafungwa, lakini ana wa kumngoja! Yeye yuko huru kama mbwa wa jalalani, na jioni hana hata wa kumwuliza umekula. Aproni yake ilining'inia wazi mgongoni. Aliyekuwa akiifunga kila asubuhi alifia hospitalini, siku mtungi wa hewa ulipohamishiwa wodi ya vigogo.

Ndiyo maana alinunua "Hatoki".

Kulikuwa na soko simuni, watu wanauziana tiketi: Kiongozi atatoka kabla ya mwezi kuisha, au hatoki. Ukipatia, kila tiketi inalipwa mia. Ukikosa, huambulii kitu. "Atatoka" iliuzwa thelathini, "Hatoki" sabini. Fundi alitia pesa zote alizoweka za kujengea kaburi la mkewe.

"Wewe na serikali mmeanza lini kupendana?" Dobi, jirani yake, alimchokoza huku akipiga pasi. "Kutwa unawatukana, kisha unawawekea dau!"

"Nawajua, ndiyo maana. Kufunga hawakawii. Kufungua, mpaka ufunguo utafutwe."

"Basi mimi nina 'Atatoka' zangu kumi. Utakuja kuniamkia."

Ijumaa hiyo mke wa Kiongozi hakupita. Alisimama kibandani, akatoa kwenye kapu viatu vyeusi ambavyo Fundi alivijua vizuri. Alikwisha kuvishona mara mbili, na mara zote bila kamba, maana mahabusu hawaruhusiwi kamba.

"Habari za kazi, Fundi? Safari hii vitie kamba. Ndefu kidogo, miguu yake imevimba."

"Kamba, mama?"

Mama akatazama pembeni, lakini mdomo ulimsaliti kwa tabasamu. "Kamba, Fundi. Navisubiri."

Fundi akaelewa. Dobi kainamia pasi yake, hakusikia kitu. Simuni "Atatoka" bado thelathini. Angeuza zake akanunua hizo, pesa zingerudi mara tatu: saruji, marumaru, jina la mkewe kwa herufi za kuchonga. Kidole kilikwenda mpaka juu ya kioo, kikagoma. Kubonyeza pale ni sawa na kumshika mwanamume yule mkono, ampeleke mwenyewe kwa mkewe.

"Watamtoa mlangoni, wamkamate barabarani," alijisemea. "Wale ni wale wale." Lakini mtu hajidanganyi akadanganyika. Akaitupa simu kwenye kikapu cha soli, akatia kamba, tundu kwa tundu, wala hakuzifunga.

Jumatatu adhuhuri honi zilipasua mji. Dobi akaja mbio, simu juu.

"Katoka! Fundi, huna chako!"

Pichani Kiongozi alisimama langoni, mgongo haukunjiki, na mkewe kapiga goti vumbini anamfunga kamba za viatu.

"Hebu ikuze," Fundi alisema.

"Uso?"

"Miguu."

Fundi alizigusa zile kamba kwa kidole, moja baada ya nyingine. Dobi naye akatazama miguu, akamtazama yeye, kicheko kikamkauka.

"Kamba ulitia wewe. Kumbe ulijua! Sasa mbona hukuhamia huku, ndugu yangu?"

"Ningeshangilia na nani?"

Dobi akageukia kwake. Mkewe alikuwa akimwita chakula kimepoa.

Kwa Jumapili iliyofuata Fundi alikuwa amemwahidi marehemu saruji. Alikwenda kaburini na jembe tu, akang'oa magugu.